Mwamba wa Sokoni na Unga wa Dukani: Historia ya Magadi

Katika masoko ya Arusha na Moshi, magadi huuzwa kwa mafungu. Ni vipande vya mwamba vya rangi ya kijivu, vingine vyenye weupe wa maziwa na vingine vyenye wekundu wa udongo, na mnunuzi huvisaga au kuviloweka nyumbani kabla ya kutia maji yake katika chungu cha maharage, kisamvu au mlenda. Hatua chache kutoka hapo, dukani, kuna pakiti ndogo ya bekingi soda, unga mweupe laini usio na harufu, ambao mpishi wa maandazi na bagia huununua bila kufikiri mara mbili. Watu wengi huviona vitu hivi viwili kuwa havihusiani: kimoja ni cha kienyeji, kingine ni cha kizungu. Kwa kweli ni vya ukoo mmoja, na historia yao imekwenda pamoja kwa maelfu ya miaka kabla ya kutengana na kukutana tena jikoni.

Tuanze na maumbile yao, kwa sababu yote yaliyofuata yanategemea hapo. Magadi ni chumvi za sodiamu, lakini si chumvi ya mezani. Zipo mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni kaboneti ya sodiamu, ambayo ni kali, huchubua ngozi, na hutumika viwandani kutengeneza vioo na sabuni. Ndiyo ambayo magazeti ya Tanzania huiita magadi soda. Ya pili ni bikaboneti ya sodiamu, iliyo pole kiasi cha kuliwa, na hiyo ndiyo bekingi soda. Ukiichoma ya pili, hutoa mvuke wa maji na hewa ya kabonidioksidi, kisha hugeuka kuwa ya kwanza. Mwamba wa sokoni, ambao wanajiolojia huuita trona, umeshika zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mama aliyetia magadi chunguni miaka mia mbili iliyopita alikuwa tayari anatumia bekingi soda, ila ilikuwa imefungamana na ndugu yake mkali.

Mwamba huu hauzaliwi popote. Unahitaji mambo matatu yakutane: miamba ya volkeno yenye sodiamu nyingi, maji ya kuiyeyusha na kuibeba, na bonde lisilo na njia ya kutokea, lenye jua la kukausha maji hayo. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina yote matatu. Ndiyo maana Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania, yaliyo karibu karibu pande mbili za mpaka, yamejaa magadi, na ndiyo maana mlima Ol Doinyo Lengai, unaosimama kusini mwa Natron, ndio volkeno pekee hai duniani inayotoa lava iliyojaa kaboneti za sodiamu. Lava hiyo hutoka nyeusi, na baada ya kukutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe.

Hata hivyo, maandishi ya kale zaidi kuhusu magadi hayatoki kwetu bali Misri. Kaskazini magharibi mwa mji wa leo wa Cairo lipo bonde la Wadi Natrun, lenye maziwa ambayo hukauka wakati wa joto na kuacha ukoko wa chumvi hizi. Wamisri wa kale walifua nguo kwa ukoko huo, walisafishia meno, na walichanganya na mchanga ili kutengeneza vigae na shanga zenye mng'ao. Matumizi yaliyowapa umaarufu ni kuhifadhi maiti. Mwili ulizikwa ndani ya magadi makavu kwa wiki kadhaa, nayo yakafyonza maji na kuyavunja mafuta, hata bakteria wakakosa mahali pa kuishi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliandika kwamba muda huo ulikuwa siku 70. Wataalamu wengi wa leo huona kwamba ukaushaji wenyewe ulichukua kama siku 40 na zilizobaki zilikuwa za kufunga sanda na ibada.

Warumi walichukua magadi hayo hayo ya Misri na kuyafanya msingi wa vioo vyao. Mchanga peke yake huhitaji moto mkali mno kuyeyuka, lakini ukitiwa magadi huyeyuka kwa moto ambao tanuri la kuni linaweza kuufikia. Kwa karne nyingi karibu vioo vyote vya pwani ya Mediterania vilitegemea bonde hilo moja. Kisha, katika karne ya 9 baada ya Kristo, utegemezi huo ukavunjika, na mafundi wa nchi za Kiislamu wakageukia majivu ya mimea. Kwa nini? Wapo wanaosema ni machafuko ya kisiasa yaliyoikumba Misri ya kaskazini na kukata biashara. Wengine wanasema hali ya hewa ilibadilika, mvua ikaongezeka, na maziwa hayakukauka vya kutosha huku mahitaji yakizidi. Maelezo hayo hayapingani. Bonde lililokuwa linatoa kidogo lingeweza kuvumilia miaka ya amani, lakini si vita vikiongezwa juu ya upungufu.

Majivu yakatawala kwa karibu miaka 1,000. Mimea ya ufukweni, inayokua katika udongo wa chumvi, hukusanya sodiamu mwilini mwake, na ikichomwa huacha kaboneti. Wahispania walilima mimea hiyo mahsusi kwa biashara, na Waskoti walichoma magugu ya baharini. Mimea ya nchi kavu hutoa ndugu yake wa potasiamu, anayefanya kazi ileile. Hapa Afrika Mashariki ujuzi huo ulikuwapo pasipo mtu kufundishwa na Mhispania. Waluhya wa magharibi mwa Kenya hadi leo huchoma maganda makavu ya maharage, hutia majivu katika chombo chenye matundu, huyamwagia maji, na kukinga matone ya kahawia yanayotoka chini. Huyaita musherekha, na kazi yake kwenye mboga za majani ni ileile ya magadi.

Mwishoni mwa karne ya 18, Ulaya ilianza kuishiwa. Viwanda vya nguo, sabuni na vioo vilikua haraka kuliko mimea ya kuchoma, na Ufaransa, iliyonunua majivu yake kwa wingi kutoka Hispania, iliogopa kwamba vita vyovyote vingefunga njia hiyo. Akademia ya Sayansi ya Paris ikatangaza zawadi kwa atakayeweza kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, kwa kuwa chumvi ilikuwa tele. Aliyefaulu alikuwa Nicolas Leblanc, daktari katika nyumba ya Mtawala wa Orléans. Alichanganya chumvi na asidi ya salfa, kisha akalichoma zao lake pamoja na mawe ya chokaa na makaa. Mwaka 1791 alipata hataza na kuanza kiwanda huko Saint-Denis kwa fedha za bwana wake.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakumhurumia. Mwaka 1793 bwana wake alikatwa kichwa, kiwanda kikataifishwa, na siri ya njia yake ikatangazwa kwa manufaa ya umma. Napoleon alimrudishia kiwanda baadaye, lakini mtaji wa kukiendesha hakuwa nao, na mwaka 1806 alijiua. Njia yake ilitajirisha wengine, hasa Waingereza, na iliacha uharibifu mkubwa: moshi wa asidi uliotoka katika matanuri yake uliua miti na mazao kwa maili nyingi, na mabaki yake meusi yalinuka kama mayai viza. Sheria ya Alkali ya mwaka 1863, iliyowalazimisha wenye viwanda Waingereza kunasa angalau asilimia 95 ya asidi hiyo, ni miongoni mwa sheria za kwanza duniani za kuzuia uchafuzi wa hewa.

Wakati soda kali ikijengewa matanuri, ndugu yake mpole alijitokeza kimya kimya. Mwaka 1801 mfamasia wa Berlin, Valentin Rose, alipata bikaboneti ya sodiamu. Mwanzoni ilikuwa dawa tu, ya kutuliza kiungulia. Jikoni iliingia kwa mlango mwingine, nao ulikuwa Marekani.

Huko misitu ilikuwa mingi na majivu yalikuwa bidhaa. Hataza ya kwanza kabisa iliyotolewa na serikali ya Marekani, mwaka 1790, ilikuwa ya Samuel Hopkins kwa njia bora ya kutengeneza potashi, yule ndugu wa potasiamu, kutokana na majivu. Wapishi waligundua kwamba potashi iliyosafishwa, ikikutana na maziwa yaliyochacha au molasi, hufurisha unga papo hapo. Kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons cha mwaka 1796 tayari kinaiagiza. Swali linaloulizwa ni kwa nini Wamarekani waliiacha hamira mapema kuliko watu wa Ulaya. Wengine hutaja bei ndogo ya majivu. Wengine hutaja ugumu wa kupata hamira hai mbali na miji yenye watengeneza bia. Naona sababu yenye uzito zaidi ni muda wa mwanamke: donge la hamira hungoja saa nyingi na linahitaji mtu wa kuliangalia, lakini la potashi huingia motoni mara tu likishachanganywa. Shambani, ambako mama huyohuyo alikamua, alifua na kulea, saa hizo zilikuwa na thamani kuliko bei ya kitu chochote dukani.

Potashi ilikuwa na ladha chungu, hivyo bikaboneti ya sodiamu ilipopatikana kwa bei nafuu ilishinda kirahisi. Mwaka 1846 John Dwight na shemeji yake, daktari Austin Church, walianza kuiuza New York, wakiipakia kwa mikono katika mifuko ya karatasi. Nembo ya mkono ulioshika nyundo, Arm & Hammer, ililetwa na upande wa familia ya Church mwaka 1867, na kampuni za pande mbili ziliungana mwaka 1896 kuwa Church & Dwight, ambayo ipo hadi leo. Uingereza nako mfamasia Alfred Bird wa Birmingham, ambaye mkewe hakuweza kula mkate wa hamira, alikuwa ameshachanganya bikaboneti na asidi kavu mwaka 1843, akapata unga wa kuumulia usiohitaji maziwa ya mgando wala ndimu.

Jinsi unga huo unavyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa makini, maana makosa mengi ya jikoni hutokea hapo. Bikaboneti ikikutana na asidi ndani ya donge lenye unyevu, hutoa viputo vya kabonidioksidi, navyo hunaswa na unga na kuutanua. Ikikosa asidi, moto peke yake hutoa nusu tu ya hewa hiyo, na kinachobaki hugeuka kaboneti, yule ndugu mkali. Ndipo andazi linapotoka na rangi ya manjano na ladha ya sabuni. Kwa hiyo mapishi yasiyo na mtindi, ndimu au tui lililochacha yanataka unga uliokwisha kuchanganywa na asidi, si bekingi soda tupu. Na donge likishachanganywa lisiachwe likae, kwa sababu viputo vya kwanza havisubiri.

Hadi enzi za Dwight na Bird bikaboneti ilikuwa bado ghali kuliko ilivyopaswa. Aliyeishusha bei alikuwa Mbelgiji, Ernest Solvay, ambaye pamoja na ndugu yake Alfred alipata hataza mwaka 1861 na kuanzisha kampuni mwaka 1863. Wanakemia walijua tangu zamani kwamba inawezekana kupata soda kutokana na maji ya chumvi, amonia na hewa ya kabonidioksidi. Shida ilikuwa kwamba amonia ni ghali na ilipotea. Solvay alijenga mnara mrefu. Maji ya chumvi yenye amonia yalishuka kutoka juu, hewa iliyotokana na kuchoma mawe ya chokaa ilipanda kutoka chini, na katikati ya mnara vilikutana. Katika mchanganyiko huo bikaboneti ndiyo isiyopenda kuyeyuka kuliko chumvi nyingine zote, kwa hiyo ilijitenga kama chembe nyeupe na kutuama. Chokaa iliyobaki tanurini ilitumika kuikomboa amonia ili irudi kazini. Bikaboneti ikachomwa na kuwa kaboneti kwa ajili ya vioo.

Hapo pana jambo la kutazamwa vizuri. Katika njia ya Solvay, kitu cha kwanza kuzaliwa ni bekingi soda. Kiwanda huipita tu kikienda kwenye kaboneti. Ile ya kuliwa hutengenezwa tena kwa usafi, kwa kuyeyusha kaboneti na kuipulizia kabonidioksidi, kwa kuwa ile ya mnarani ina mabaki ya amonia. Pakiti ya dukani ni rahisi kwa sababu dunia inahitaji mamilioni ya tani za kaboneti kwa ajili ya madirisha, chupa na sabuni, na jiko linapata sehemu ndogo ya kazi kubwa ya viwanda. Njia ya Leblanc ilikufa polepole. Wengine huipa sifa Sheria ya Alkali, lakini gharama ndiyo iliyoiua. Sheria hata ilikichelewesha kidogo kifo hicho kwa kuwafundisha wenye viwanda kuuza asidi waliyokuwa wakiitupa.

Mwaka 1873 John Brunner na Ludwig Mond walianzisha kampuni ya Brunner Mond huko Cheshire, Uingereza, kwa leseni ya Solvay. Jina hilo linaturudisha nyumbani. Wamaasai waliishi kuzunguka Ziwa Magadi na walilijua: ng'ombe walilambishwa magadi, wazee waliyachanganya na tumbaku ya kunusa, na mawe yake yalifika kwa wakulima wa milimani kwa kubadilishana. Waingereza waliona kitu kingine, yaani soda ambayo haihitaji mnara wala amonia, imelala juu ya ardhi. Mwaka 1911, mwaka uleule ambao mkataba wa pili uliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia kwenda kusini, Kampuni ya Magadi Soda iliundwa, na reli ya kilomita 146 ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani.

Ziwa hilo si maji ya kuogelea. Sehemu kubwa yake ni sakafu ngumu ya trona yenye rangi ya waridi, rangi inayotokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, na mahali pengine unene wake hufika makumi ya mita. Pembezoni chemchemi za maji moto humwaga maji mapya ya magadi, na ndani yake huishi aina ya perege wadogo wenye asili ya hapo. Mtambo unaoelea huchimba trona na kuisukuma kiwandani kwa bomba. Huko huchomwa na kuwa kaboneti. Shimo linalobaki hujaa tena, kwa kuwa chemchemi haziachi kuleta.

Pamoja na utajiri huo, kampuni ilihangaika na mwaka 1924 ikaangukia mikononi mwa Brunner Mond. Wapo wanaolaumu Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyochelewesha kila kitu. Vita vilichangia, lakini hesabu ya kudumu ilikuwa ya umbali: soda ya Magadi ililazimika kusafiri kwa reli hadi Mombasa na kisha kwa meli, ikashindane na soda iliyotengenezwa jirani na viwanda vya vioo. Mshindani alipokuwa mmiliki, aliweza kuamua soda ya nani iende soko lipi. Kampuni hiyo baadaye ilipita ndani ya ICI, na sasa ni mali ya Tata Chemicals ya India. Mradi wa Magadi umelisha vioo na sabuni za Asia kwa miongo mingi, huku mafungu ya mwamba yakiendelea na safari yao ya zamani kwenda masokoni.

Kwa nini wapishi wetu waliyashikilia? Wengine hudhani yalichukua nafasi ya chumvi mahali ambapo chumvi ya bahari haikufika. Huenda ni kweli kwa nyakati na sehemu fulani, ila haielezi kwa nini yaliendelea baada ya chumvi kuwa rahisi. Sababu ya kuni inaeleza zaidi. Pektini, inayoshikamanisha ukuta wa mmea, hulegea katika maji yenye alkali, kwa hiyo maharage makavu au kisamvu kigumu huiva kwa muda mfupi zaidi, na majani hubaki kijani. Gharama yake ni vitamini: alkali huharibu vitamini B1 na C, na kijiko kikizidi mboga huvurugika na kuwa uji.

Kule Marekani, katikati ya karne ya 20, mambo yalikwenda kinyume. Watu waliacha kuoka nyumbani, na wauzaji wa bikaboneti wakatafuta kazi nyingine za unga wao. Mwaka 1972 kampeni ya Arm & Hammer iliwashauri watu kuacha kisanduku wazi ndani ya friji kuondoa harufu, na orodha ndefu ya matumizi ya nyumbani tunayoisikia leo ilipata nguvu kutoka hapo. Harufu nyingi za uvundo wa maziwa na jasho hutokana na asidi, na bikaboneti huzituliza kweli, ingawa kisanduku kilichosimama hugusa hewa kidogo tu. Ukiinyunyiza juu ya kapeti au ndani ya viatu hufanya vizuri zaidi. Kusugua sinki na vikombe vya chai inafaa, kwa kuwa chembe zake ni laini zisizokwaruza. Sufuria za alumini isiachwe ndani yake, maana huzigeuza nyeusi. Kuichanganya na siki ili kuzibua bomba hupendeza macho kwa povu, lakini viwili hivyo huuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu. Moto mdogo wa mafuta jikoni huzimika ukiimwagia ya kutosha, na unga huohuo umo katika baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Kwa kiungulia bado inasaidia, lakini mwenye shinikizo la damu au figo mbovu asiinywe bila daktari, kwa sababu imejaa sodiamu.

Tofauti moja kati ya mwamba na pakiti ilijulikana kwa kuchelewa. Trona ya Bonde la Ufa hubeba floridi, na utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania ulihusisha matumizi ya magadi yenye floridi nyingi na madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, hata mahali ambapo maji ya kunywa yalikuwa na floridi kidogo. Bekingi soda ya dukani imesafishwa, na kwa familia yenye watoto wadogo, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaundwa, ni chaguo bora kuliko fungu la sokoni.

Mjadala wa karne hii umehamia Ziwa Natron. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wa dunia huzaliwa huko, wakijenga viota vya matope ya magadi mahali ambapo wanyama wala nyama hawathubutu kukanyaga. Mpango wa kujenga kiwanda kando ya ziwa, ulioihusisha serikali ya Tanzania na Tata, ulipingwa vikali na wahifadhi, na mwaka 2008 Tata ilijitoa. Shirika la Maendeleo la Taifa likageukia Engaruka, upande wa kusini, ambako maji ya magadi yako chini ya ardhi na yanaweza kupampiwa juu bila kugusa viota. Swali lililobaki huko ni la maji baridi: kiwanda cha magadi hutumia maji mengi, na katika eneo hilo kavu wafugaji na wakulima wanategemea mito michache inayoshuka kutoka nyanda za juu, mito ileile iliyomwagilia mashamba ya kale ya Engaruka.